Uwanja wa Mama Pale Visiga

Siku moja ya mwisho wa masika naikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu, wala si kwa raha. Ndiyo siku niliyoshika jembe nikauchimbua uwanja wa mama yangu mzazi, pale Visiga, yeye amekaa barazani ananisikiliza. Nimesema ananisikiliza, mwanangu, sikusema ananitazama. Tofauti ya maneno hayo mawili niliijua nimeshachelewa.

Umeniambia unajenga Kongowe, fundi ameshaezeka, na sasa unafikiria mbele ya nyumba. Umenionyesha kwa mikono jinsi majani yatakavyotanda kutoka barazani hadi barabarani, ya kijani, mafupi, kama zulia. Nikanyamaza. Labda ulidhani sikusikia. Nilisikia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana habari hii sijapata kumsimulia mtu wa rika lako. Vuta kigoda, ukae.

Miaka ile ya Mwingereza, askari waliokwenda vitani Bama kupigana na Mjapani walikuwa wamesharudi makwao, nami nilikuwa kijana wa kazi kule Kisarawe. Nilitunza bustani ya mzungu mmoja, bwana misitu. Nyumba yake ilikuwa juu kilimani, na mbele yake palikuwa na uwanja wa majani ambao niliupenda kuliko mali yangu mwenyewe, ingawa mali yenyewe sikuwa nayo. Kule juu mvua hainyimi. Asubuhi umande unalowesha mpaka magotini, na nyuma ya nyumba palikuwa na tangi kubwa la bati la kuwekea maji. Kazi yangu ilikuwa kukata majani kwa mkasi mrefu, kung'oa magugu, na kuzoa majani makavu. Wakubwa wakija jioni kunywa chai, viti hutolewa pale nje, nami nikiwa nyuma ya ua nawasikia wakisifu uwanja. Kila sifa niliichukua kuwa yangu.

Kwetu ni Visiga, kwenye barabara ya Morogoro. Baba alikuwa ameshafariki. Alibaki mama, Bi Chausiku, na mke wangu Mwajuma niliyemwoa mwaka ule. Wao walikaa Visiga wakilima mihogo na mbaazi, mimi nikirudi kila baada ya wiki mbili, kwa miguu, safari ya kutwa nzima. Visiga si Kisarawe, mwanangu. Huko chini ardhi ni mchanga, jua halina huruma, na kiangazi kikiingia kisima kinabaki kimoja tu bondeni, wanawake wanapanga madebe tangu alfajiri.

Sasa nikueleze uwanja wa mama ulivyokuwa kabla sijauharibu.

Hapakuwa na jani hata moja katikati. Palikuwa na mchanga mweupe uliofagiliwa kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa, mpaka ukawa na mistari kama mkeka mpya. Nyoka akipita usiku, asubuhi unaona njia yake. Kutoka mlangoni kuelekea njia ya kisimani, mama alimwaga changarawe, ukanda mwembamba wa hatua mbili upana, ukiikanyaga inalia chini ya mguu. Pembeni mwa mlango alipanda asumini. Kwenye kona ya kwenda jikoni palikuwa na kichaka cha kivumbasi, ukipita nguo yako inakigusa na harufu inapanda. Karibu na choo, mchaichai. Na mwisho kabisa wa uwanja, upande wa kushoto, palikuwa na mstari wa mishubiri, minene, yenye miiba pembeni mwa majani. Nyuma ya mishubiri hiyo kulikuwa na shimo, lile shimo ambalo baba alichimba udongo wa kukandikia nyumba yetu. Kila nyumba ya udongo ina shimo lake, unajua. Letu lilikuwa refu kuliko kimo cha mtu.

Uwanja ule haukuomba kitu. Haukunywa maji, haukukatwa, haukupaliliwa. Mvua ikinyesha maji yanateremka kwenye changarawe yanakwenda zake shambani. Kiangazi kikija, mishubiri imeshiba kutoka masika. Mama alifagia tu, basi. Aliutengeneza polepole kwa miaka miwili au mitatu, kila nikirudi nakuta kitu kipya: mara changarawe imeongezwa, mara kivumbasi kimehamishwa. Mimi niliona ni shughuli za mzee asiye na kazi. Sikuuliza hata siku moja kwa nini.

Ikatokea bwana misitu akaniambia kwamba mwezi fulani atasafiri kwenda Morogoro kwa gari, na kwa kuwa nyumba yetu iko njiani, atapita anisalimie. Mwanangu, maneno yale yalinipanda kichwani. Nilijiona mtu ambaye mzungu atashuka kwenye gari kwa ajili yake. Nikauwazia uwanja wetu, mchanga mtupu na vichaka vyenye harufu ya dawa, nikaona aibu. Nikaomba ruhusa ya wiki tatu. Nikajaza magunia mawili vipande vya majani yenye mizizi, nikapanda lori la mkaa, nikafika Visiga.

"Mama," nikamwambia, "nimekuja kukupa uwanja wa kizungu."

Alikuwa anapepeta mchele. Akasimamisha ungo. "Na huu wangu una nini?"

"Huu ni wa kizamani."

"Na mimi je?" Akacheka, lakini cheko lilikatika mapema. "Kondo, mwanangu, acha kile kipande cha changarawe. Na ile mishubiri. Mengine fanya utakavyo."

"Mama, uwanja wa majani hauchanganywi na mawe. Na mishubiri ina sura mbaya, mtu anaiona kutoka barabarani."

Akaendelea kupepeta. Nikachukua jembe.

Nilifanya kazi siku kumi. Changarawe niliikusanya nikaenda kuimwaga barabarani penye shimo la magurudumu. Asumini niliiacha kwa kuwa ina maua. Kivumbasi, mchaichai, mishubiri, vyote viling'oka. Nikaingia katika lile shimo la baba nikachimba udongo mwekundu zaidi, nikautandaza juu ya mchanga ili majani yapate kushika. Kwa hiyo shimo likazidi kina, na mbele yake sasa hapakuwa na kitu. Nilikusudia kulizungushia ua wa makuti. Nikasema nitafanya nikirudi safari ijayo. Safari iliyofuata nikasema ijayo.

Ardhi bado ilikuwa na unyevu wa masika, majani yakashika. Yalipoanza kukutana, kijani kikatanda, watu waliopita barabarani wakasimama kutazama. Nilirudi Kisarawe kifua mbele.

Lakini masika yakaisha. Nikamwachia Mwajuma agizo: madebe manane asubuhi, manane jioni, bila kukosa. Nilisema kwa wepesi kabisa, kwa kuwa si mimi niliyeyabeba. Kisima kilikuwa bondeni, kupanda ni mwendo wa kutoa jasho hata bila mzigo. Kila nilipokuja nilitazama majani kwanza, kisha mke wangu. Siku moja nikaona amejifunga kitambaa kichwani hata ndani ya nyumba. Utosini nywele zilikuwa zimekatika, pale kata ya kubebea debe ilipokaa.

"Nataka kukwambia jambo," akaniambia jioni ile.

"Kama ni habari ya maji, nyamaza. Ni mpaka mgeni wangu apite tu."

"Si habari ya maji."

"Basi mgeni akishapita utaniambia."

Kisha akainuka akaenda kumwangalia mama jikoni. Nami nikatoka kwenda kung'oa magugu.

Wanawake wa pale walianza kumsema kisimani. Maji ya kunywa yanagombewa, yeye anayachota akayamwagie majani ambayo hata mbuzi hali, maana nilikataza mbuzi wasikaribie. Mwajuma hakuniambia hayo. Nilikuja kuambiwa na wengine, baadaye.

Mgeni akaja. Gari lilisimama saa nne za asubuhi, nami nimeshatoa viti viwili nikaviweka katikati ya majani kama nilivyoona Kisarawe. Bwana misitu akaketi. Akatazama nyumba, akatazama paa, akaulizia mihogo yetu. Mwisho akatazama chini.

"Maji mnatoa wapi?" akauliza. Kiswahili alikijua vizuri.

"Kisimani, bwana. Kule bondeni."

"Nani anayabeba?"

"Mke wangu."

Akatikisa kichwa. Wakati huo huo mama akatoka mlangoni na sinia la bilauri za maji ya madafu. Alijitanda kanga mpya. Nilimwona akisita kwenye ngazi ya baraza, akiugusa mti wa asumini kwa kiwiko. Kisha akaanza kuja. Alikuja vizuri hatua tano, sita, halafu akapinda. Akatupita sisi tulioketi, akawa anaelekea pembeni, pasipo na mtu, huku anatabasamu na kusema, "Karibu, bwana, karibu sana." Alikuwa anaukaribisha upepo. Mguu wake ukagonga kigingi nilichofungia kamba ya kunyooshea mstari wa majani. Sinia likaanguka.

Na mimi, mwanangu, mbele ya mgeni, nilisema kwa sauti ya kukaripia, "Mama! Kwani huoni?"

Akasimama pale, mikono bado imeshika sinia ambalo halipo. Akasema taratibu, "Sioni, mwanangu."

Nilidhani ananijibu kwa kejeli. Wallahi nilidhani amechukia uwanja wake kuharibiwa na amenilipizia mbele ya mgeni. Bwana misitu ndiye aliyeinuka akaokota bilauri moja moja. Akampa mama mkono, akamwongoza mpaka barazani. Hakunisema. Akaaga, gari likaondoka, na ziara yote niliyoihangaikia haikufika hata muda wa kuchemsha chai.

Gari lilipopotea nikamwendea mama. Nikamwambia kwamba siku nyingine wageni wakiwapo akae ndani. Akaitikia, "Haya." Neno hilo moja tu. Na asubuhi yake nikarudi Kisarawe kabla Mwajuma hajapata nafasi ya kuniambia lile jambo lake, maana nilikuwa na hasira sikutaka kusemeshwa, wala lile agizo la maji sikulifuta.

Hazikupita wiki mbili. Nilikuwa nakata majani ya mzungu, nimeinama, nikaona miguu ya mtu yenye vumbi jekundu mpaka magotini imesimama mbele yangu. Nikainua uso. Alikuwa mjomba Shomari, ndugu yake mama tumbo moja. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu yako, hata baba akiwa hai.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitika. Mtu mzima kutokuitikia shikamoo yako, mwanangu, ni afadhali akupige.

"Weka mkasi chini," akasema. "Twende kwa mama yako."

"Kuna nini? Amefariki?"

"Twende."

Tulitembea tangu asubuhi mpaka jua linakaribia kuzama. Yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika niliona watu wamekaa barazani, nikajua mauti. Lakini mama alikuwa hai. Alikuwa amelazwa kitandani, mti umefungwa kuanzia kiunoni hadi kwenye paja, nyonga imevunjika. Mganga wa mifupa alikuwa amekwisha kuja akaenda. Mama aliposikia hatua zangu akageuza uso, akaelekeza macho pembeni ya mahali niliposimama.

"Kondo, umekuja? Umekula?"

Ndivyo alivyoniuliza. Kwamba nimekula.

Mwajuma alinieleza uani, akiwa amesimama, hataki kuketi karibu nami. Alfajiri ya juzi yake mama alitoka na kopo lake kwenda kutawadha. Zamani alikuwa akitoka mlangoni anagusa asumini, anafuata changarawe kwa nyayo, akinusa kivumbasi anajua jikoni ni hapa, akinusa mchaichai anajua choo ni hapa. Akiguswa mguuni na miiba ya mishubiri anajua shimo ni hapa, anageuka. Miaka mitatu macho yake yalikuwa yanafunga, mtoto wa jicho kote kuwili, na alivyoona yanafunga ndivyo alivyoupanga uwanja, kidogo kidogo, kabla giza halijakamilika. Mwajuma aligundua alipomkuta anatia uzi kwenye sindano kwa ulimi. Mama akamwapisha asiniambie.

"Ulipoleta majani yako," Mwajuma akasema, "nikaona kiapo hakifai tena. Nilianza kukwambia. Ukaniambia ninyamaze. Tangu hapo nikawa namshika mkono mwenyewe kila alfajiri. Lakini siku ile nilikuwa kisimani. Kisima kimepungua; sasa ukitaka kupata madebe manane lazima utoke kabla ya adhana."

Alikuwa kisimani kwa ajili ya majani yangu, na mama alikuwa shimoni kwa ajili ya majani yangu. Mwajuma aliporudi na debe la kwanza alimwita mama, hakuitikiwa. Akaliona kopo ukingoni mwa shimo.

Asubuhi iliyofuata mjomba Shomari aliniita uwanjani. Akafungua kilemba chake, akanifunga machoni, akakaza.

"Nenda kisimani," akasema.

"Mjomba..."

"Nenda. Ni kwenu hapa. Umezaliwa hapa."

Nikaanza kutembea. Hatua za mwanzo nilijiamini. Kisha nikatafuta kwa mguu kitu cha kunionyesha nilipo, sikukipata. Majani yalikuwa laini, yanafanana kila mahali, kulia sawa na kushoto. Nikanusa, hapakuwa na harufu ila ya udongo uliomwagiwa maji. Nikageuka kidogo, nikaendelea, nikageuka tena. Ghafla nikahisi shati limekazwa nyuma, mtu amenishika. Nikavua kitambaa. Vidole vya miguu yangu vilikuwa vimeshatokeza nje ya ukingo wa shimo.

"Mama yako hakuwa na mtu wa kumshika shati," mjomba akasema.

Akaninyang'anya kilemba chake, akaenda kukaa barazani akitazama barabarani. Nilibaki pale nalia kama mtoto, watu wananiona, wala sikujificha.

Nilipopata nguvu niliingia kwa mama nikapiga magoti. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini?"

"Ningeacha kazi nikarudi."

"Basi umejijibu." Akatafuta kichwa changu kwa mkono, akakipata. "Baba yako amekufa hajapata kuvaa viatu. Wewe una kazi, una mke kijana. Nikuite uje kunipeleka chooni? Nilikuwa na uwanja wangu, ulinitosha."

"Na nilipoung'oa, mbona hukunikataza?"

"Nilikukataza, mwanangu. Nilikwambia acha changarawe na mishubiri. Hukuwa unasikia siku ile. Ulikuwa na furaha, nami ni siku nyingi sijakusikia una furaha pale nyumbani. Nikasema pengine nitazoea."

Nilitaka kumpeleka Dar es Salaam hospitali, kwa lori. Alikataa, kila akigeuzwa alipiga kelele, na mganga akasema mtikiso wa barabara utammaliza. Nikabaki. Sikurudi Kisarawe. Nilianza kuyachimbua yale majani kwa mikono yangu, Mwajuma akinitazama tu wala hakunisaidia, na alikuwa na haki. Shimo nililifukia kwa siku sita. Nikasomba mchanga kwa magunia, nikaokota changarawe kule barabarani nilikoimwaga, ile ambayo magari hayajaizika. Mishubiri nilipewa na jirani. Kila jioni nilimweleza mama nilikofika, naye ananisahihisha: ukanda wa changarawe uanze chini ya ngazi kabisa, si mbele yake; mishubiri ikaribiane, mguu usipenye katikati.

Siku nilipomaliza, nilimbeba. Alikuwa mwepesi, mwanangu, mwepesi kupita kiasi. Nikamweka juu ya mkeka katikati ya uwanja, mguu wake nikiutegemeza kwa mto. Akateremsha mkono pembeni mwa mkeka akashika mchanga, akauchekecha kati ya vidole. Akainua pua. Akanusa, akageuza kichwa, akanusa tena.

"Kivumbasi umekipanda upande siko," akasema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kifua, na Mwajuma aliyekuwa mlangoni akacheka pia, mara ya kwanza tangu nirudi. "Jikoni si huko, Kondo. Utanipeleka chooni nikiwa na njaa."

Nikasema nitakihamisha kesho. Usiku ule homa ikampanda. Kesho yake hakujua mtu. Siku ya tatu, mvua za vuli zikianza, akaondoka, mikononi mwa mke wangu, mimi nikiwa nimeshika miguu yake iliyoujua uwanja ule kuliko macho yangu yalivyoujua.

Baada ya arobaini nilikwenda Kisarawe kuaga. Bwana misitu alinipa mkono, akaniuliza habari ya mama, nikamweleza. Akainamisha kichwa. Nilirudi Visiga nikawa mkulima mpaka leo. Mwajuma alinisamehe, ila alichukua muda, na sikumharakisha. Yale majani nayo hayakwisha upesi. Kila masika yalichipua kwenye mchanga, kipande hapa, kipande pale, nami nikiyafuata kwa jembe dogo miaka na miaka.

Basi, mwanangu, nisikilize sasa. Sisemi majani ni haramu. Penye mvua na tangi la maji, na mwenye kuyamwagilia ni wewe mwenyewe, panda. Lakini Kongowe unapajua kiangazi kilivyo. Kabla hujapanda kitu, kaa barazani siku ya mvua utazame maji yanakokimbilia, uyaachie njia yake, umwage changarawe hapo. Weka mchanga penye kukaliwa na watu. Panda kinachovumilia jua na kilicho na faida: mchaichai wa chai, kivumbasi cha kufukuza mbu, mshubiri, asumini kwa ajili ya mkeo. Shimo la udongo, kama fundi ameliacha, lifukie leo, usiseme safari ijayo. Uwanja mzuri ni ule ambao ukisafiri mwezi mzima, unarudi unaukuta ulivyouacha, na hakuna aliyeumia shingo kwa ajili yake.

Na zaidi ya mimea, uliza watu. Usipange mbele ya nyumba kwa ajili ya anayepita na gari. Muulize atakayeyabeba maji, muulize atakayefagia, muulize aliyekwisha kuzeeka ndani ya nyumba hiyo anapita wapi na kwa nini anapita hapo. Akikujibu kwa mkato, usishukuru kwamba ameridhika. Kaa naye, muulize tena. Wazee wako wengi wanaficha maradhi ili wewe usirudi nyuma, na wanajitengenezea vijisaidizi ambavyo wewe unaviona takataka. Usitupe kitu cha mzee kabla hujajua kinamsaidia nini. Kosa la namna hiyo, ukishalifanya, kulia hakulirudishi. Mimi nimelia vya kutosha kukuhakikishia hilo.

Nenda kajenge, mwanangu. Nyumba yako Mungu aitie baraka, aiepushe na moto na ugomvi. Akupe maji ya kutosha na watu wengi wa kuyanywa. Mama yako amzidishie umri, na wewe akuzidishie subira ya kumtunza. Amina.